Nguvu na Ufanisi: Suala la Kulinganisha Injini za Joto kwa Kiswahili

Utangulizi

Anayetaka kununua jenereta katika mtaa kama Kimbo, Ruiru, huuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Ina nguvu?" Swali hilo hilo huulizwa na anayekagua pikipiki ya bodaboda, na anayetafuta lori la kubebea mawe ya ujenzi kutoka machimbo ya upande wa Juja. Muuzaji hujibu kwamba ina nguvu sana, kisha mazungumzo huhamia kwenye bei. Mwezi mmoja baadaye mnunuzi huona kwamba jenereta ina nguvu kweli, lakini mafuta inayokula yanameza faida yote ya kibanda chake cha kuchomelea vyuma. Hakudanganywa. Aliuliza swali moja mahali palipohitaji mawili, na lugha aliyoitumia haikumwonya.

Makala haya yanajadili maswali hayo mawili. La kwanza ni: injini hii inafanya kazi kwa kasi gani? La pili ni: katika joto lote linalotolewa na mafuta, ni sehemu gani inayogeuzwa kuwa kazi? La kwanza linahusu nguvu na la pili linahusu ufanisi wa joto. Inadaiwa hapa kwamba maswali haya hayatofautiani kwa jina tu. Mara nyingi huvutana, kiasi kwamba anayeongeza kimoja hulazimika kukipunguza kingine. Kwa hiyo mwandishi au mfasiri anayeyachanganya haharibu mtindo pekee, bali anapotosha habari yenyewe.

Injini ya joto, kwa maelezo mafupi, ni mtambo unaopokea joto kutoka mahali penye halijoto ya juu, ukageuza sehemu ya joto hilo kuwa kazi, na kulitupa lililosalia mahali penye halijoto ya chini. Injini ya petroli ya bodaboda ni injini ya joto, na ya dizeli ya lori vilevile. Garimoshi la mvuke lilikuwa injini ya joto, na mtambo wa umeme wa mvuke wa ardhini ni ndugu yake wa mbali.

Nguvu, kani na nishati

Nguvu ni neno lenye kazi nyingi. Kuna nguvu za misuli, nguvu za dola, nguvu za hoja na nguvu za umeme; hata dawa husemwa kuwa ina nguvu. Katika mazungumzo ya kawaida wingi huo wa maana hauna madhara, kwa sababu muktadha humsaidia msikilizaji. Fizikia haina subira ya aina hiyo. Inatofautisha dhana tatu ambazo mzungumzaji wa kawaida huziita nguvu zote: kani, ambayo ni msukumo au mvuto unaoweza kubadilisha mwendo wa kitu na hupimwa kwa newtoni; nishati, ambayo ni akiba ya kufanyia kazi na hupimwa kwa jouli; na nguvu kwa maana yake finyu, yaani kazi inayofanyika katika kila sekunde, ambayo hupimwa kwa wati. Maneno kani na nishati yamekwisha kuzoeleka katika vitabu vya sayansi vya shule za msingi nchini Tanzania, ambako somo hilo limefundishwa kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Nchini Kenya hali ni tofauti. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta au wa Chuo cha Jomo Kenyatta kule Juja husoma fizikia kwa Kiingereza katika jengo moja na isimu ya Kiswahili katika jengo jingine, na ni nadra sana kwa majengo hayo mawili kusalimiana.

Lori la mawe latosha kuonyesha tofauti kati ya kani na nguvu. Likiwa limejaa shehena na likikwea mlima, dereva hurudi gia ya kwanza. Watazamaji husema ameongeza nguvu. Kwa hakika nguvu ya injini haikuongezeka. Kilichoongezeka ni kani kwenye magurudumu, nayo imelipiwa kwa kupungua kwa mwendo. Ndiyo maana lori hilo husukuma mzigo mkubwa likienda polepole kama mkokoteni. Anayesifu gari kwa kupanda mlima huenda anaisifu kani, na anayelisifu kwa kupita mengine barabarani anaisifu nguvu.

Wahandisi wa reli waliijua tofauti hiyo vyema. Magarimoshi ya mvuke ya daraja la 59, yaliyotengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Uingereza na kuanza kazi Afrika Mashariki mwaka 1955, yalitangazwa kwa kani yake ya mvuto, takriban kilonewtoni 370. Yalikuwa 34, na hakuna reli nyingine duniani ya upana wa mita moja iliyopata kuwa na magarimoshi ya mvuke makubwa kuliko hayo. Yalivuta shehena kati ya Mombasa na Nairobi kwa fahari iliyostahili. Lakini garimoshi la mvuke kwa jumla, hata lililoundwa kwa ustadi, liligeuza kuwa kazi chini ya asilimia 10 ya joto la mafuta yake. Tisa kati ya kila sehemu kumi zilitoka na moshi na mvuke. Injini za dizeli zilizoyarithi mabehewa hayo hazikuhitaji kuwa na kani kubwa zaidi ili kuyashinda. Ziliyashinda kwa ufanisi, na kwa kutohitaji vituo vya maji njiani.

Kipimo cha pili

Ufanisi wa joto ni uwiano: kazi iliyopatikana ikigawanywa kwa joto lililotolewa na mafuta. Kwa kuwa ni uwiano wa nishati kwa nishati, hauna kizio chochote. Huandikwa kwa asilimia. Hapa pana alama nzuri ya kumsaidia msomaji, nayo itarejelewa baadaye: nguvu hufuatwa na wati, ufanisi hufuatwa na asilimia.

Chukulia jenereta mbili, kila moja ikitoa umeme wa kilowati 3. Ya kwanza ni ya petroli na hutumia lita 1.8 kwa saa. Ya pili ni ya dizeli na hutumia lita 1 kwa saa. Lita ya petroli ina takriban megajouli 32 za nishati, na lita ya dizeli takriban 36. Basi ya kwanza hupokea megajouli 57.6 kwa saa, ambazo ni sawa na kilowati 16 za joto, na kurudisha 3. Ufanisi wake ni karibu asilimia 19. Ya pili hupokea megajouli 36 kwa saa, sawa na kilowati 10, na kurudisha 3 zile zile. Ufanisi wake ni asilimia 30. Kwa kipimo cha nguvu mashine hizi ni pacha. Kwa kipimo cha ufanisi hazikaribiani kabisa, na mwenye kibanda ataiona tofauti hiyo kila jioni atakapohesabu fedha. Kibati kilichobandikwa ubavuni mwa jenereta hutaja wati zake kwa herufi kubwa, ilhali ufanisi kwa kawaida hautajwi. Mnunuzi hulazimika kuuhesabu mwenyewe kutokana na lita.

Linganisha sasa bodaboda na lori. Injini ya pikipiki ya sentimita za ujazo 125 hutoa nguvu ya kilowati 7 au 8 hivi. Lori kubwa huweza kutoa zaidi ya 250. Kwa nguvu, lori ni mara thelathini ya pikipiki na zaidi. Kwa ufanisi, pikipiki hufikia labda robo ya joto la mafuta yake, na dizeli ya lori asilimia 40 au zaidi kidogo. Tofauti ya mara thelathini imekuwa tofauti isiyofika hata mara mbili. Mtu akiambiwa tu kwamba injini ya lori "ni bora zaidi", hajui ameambiwa jambo la mara thelathini au la mara moja na nusu.

Kisha kuna matatu iliyosimama kituoni ikingoja abiria, injini ikinguruma. Inateketeza mafuta lakini haisafirishi mtu yeyote. Kazi inayotoka ni sifuri, kwa hiyo ufanisi wake ni sifuri pia, hata kama injini hiyo iliundwa kwa ustadi na ina uwezo wa kutoa kilowati mia moja. Makanga anayemhimiza dereva akanyage mafuta ili ngurumo ivutie abiria huwa anaitangaza nguvu kwa kuuteketeza ufanisi.

Historia ya vipimo hivi viwili inavutia kwa kuwa mtu mmoja aliuza kwa vyote viwili. James Watt na mshirika wake Matthew Boulton walipowauzia injini za mvuke wenye migodi wa Cornwall, hawakutoza bei kwa nguvu. Walitoza theluthi moja ya thamani ya makaa yaliyookolewa, yakilinganishwa na makaa ambayo injini ya zamani ya Newcomen ingeyatumia kwa kazi ile ile. Cornwall haikuwa na makaa yake, hivyo kila gunia lilikuwa na thamani. Injini ya Newcomen, iliyoanza kazi mwaka 1712, ilikuwa na ufanisi usiofika asilimia 1, na nafasi ya kuboresha ilikuwa pana. Lakini Watt alipowageukia wenye viwanda, ambao walikuwa wakizungusha mashine zao kwa farasi, alihitaji lugha nyingine. Hao walitaka kujua injini ingechukua nafasi ya farasi wangapi. Hapo ndipo nguvu-farasi ilipowekewa kiwango, ambacho leo ni sawa na wati 746 hivi. Mchimba migodi aliulizia makaa na mwenye kiwanda akaulizia farasi, na fundi mmoja akawajibu kila mmoja kwa kipimo chake.

Mvutano wa vipimo viwili

Mnamo 1824 Sadi Carnot, mhandisi Mfaransa wa umri wa miaka 28, alichapisha kitabu chembamba ambacho wakati huo kilisomwa na wachache mno. Swali lake lilikuwa kama kuna kikomo cha kazi inayoweza kupatikana kutokana na joto. Jibu lake ni kwamba kikomo kipo, na hakitegemei mtambo umeundwa kwa chuma gani wala unatumia mvuke au hewa. Kinategemea halijoto mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa maandishi ya leo, ufanisi wa juu kabisa ni moja kutoa uwiano wa halijoto ya chini kwa halijoto ya juu, zote zikipimwa kwa kelvini.

Kinachosahaulika mara nyingi ni sharti linaloambatana na kikomo hicho. Ili injini ifikie ufanisi wa Carnot, joto lazima lipite bila kupoteza chochote, na joto hupita bila kupoteza pale tu panapokuwa hapana tofauti ya halijoto kati ya kinachotoa na kinachopokea. Lakini pasipo tofauti, joto halina haja ya kwenda. Litapita kwa mwendo wa kobe, na zaidi ya kobe. Mzunguko mmoja wa pistoni ungechukua muda usio na mwisho. Injini kamilifu ya Carnot, kwa hiyo, ina ufanisi wa juu kuliko zote na nguvu ya sifuri. Ingeweza kuipandisha ndoo ya maji kutoka kisimani bila kupoteza, lakini aliyeingoja angekufa kwa kiu.

Wahenga walilijua jambo hili kwa pande zote mbili. Haraka haraka haina baraka, walisema. Na wakasema pia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wanafunzi wa fasihi simulizi huziona methali hizi kuwa zinapingana. Mhandisi haoni upinzani: ya kwanza inazungumzia ufanisi, ya pili inazungumzia nguvu, na injini yoyote inayotumika mahali fulani imesimama kati ya hizo mbili.

Inasimama wapi hasa? Mwaka 1957 P. Chambadal nchini Ufaransa na I. Novikov katika Urusi ya Kisovieti, kila mmoja kwa njia yake, walipata kanuni ya ufanisi wa injini inayotoa nguvu yake ya juu kabisa. Mwaka 1975 F. Curzon na B. Ahlborn waliifikia tena, na kanuni ikajulikana zaidi kwa majina yao. Ni ile ya Carnot isipokuwa uwiano wa halijoto huwekwa chini ya kipeuo cha pili. Si sheria ya maumbile kama ile ya Carnot. Ni makisio yenye masharti yake. Hata hivyo hukaribia hali halisi kwa namna inayoshangaza, kama itakavyoonekana katika mfano wa mvuke wa Olkaria.

Ikumbukwe kwamba injini halisi ina adui mwingine upande wa pili. Ikipewa mzigo mdogo mno, msuguano wa sehemu zake hula fungu kubwa la kazi inayopatikana, na ufanisi huporomoka. Mwenye kibanda anayenunua jenereta ya kilowati 8 "kwa sababu ina nguvu", kisha akaitumia kuwasha taa tatu na redio, amejinunulia ufanisi mbaya kuliko ule wa jenereta ndogo. Nguvu asiyoihitaji anailipia kwa lita, kila siku.

Thika na Olkaria

Kinu cha kusaga unga kinachoendeshwa na mota ya umeme hakitoi moshi, na mota si injini ya joto. Lakini sehemu ya umeme wake imetoka kwenye injini za joto zilizo mbali na macho ya msagaji. Mbili kati ya hizo zinafaa kulinganishwa, kwani zilijiunga na gridi ya Kenya karibu wakati mmoja.

Mtambo wa Thika, ambao ulikamilika kati ya mwaka 2013 na 2014, una nguvu ya megawati 87. Unatumia injini kubwa za dizeli zinazochoma mafuta mazito, na joto la moshi wao halitupwi moja kwa moja. Huchemsha maji, na mvuke wake ukazungusha mtambo wa ziada. Injini kubwa za aina hiyo hufikia ufanisi wa karibu asilimia 45, kabla ya kuhesabu nyongeza ya mvuke. Olkaria IV, iliyozinduliwa Oktoba 2014 karibu na Naivasha, ina nguvu ya megawati 140. Huko hakichomwi chochote. Mvuke hutoka ardhini ukiwa na halijoto ya wastani tu kwa viwango vya injini.

Chukulia mvuke wa nyuzi 150 za Selsiasi, yaani kelvini 423, unaopozwa hadi nyuzi 40, yaani kelvini 313. Kikomo cha Carnot ni asilimia 26. Kanuni ya Curzon na Ahlborn inakisia asilimia 14. Na mitambo ya mvuke wa ardhini duniani, kwa wastani, hupata takriban asilimia 12.

Basi ni upi mtambo bora? Kwa nguvu, Olkaria IV inaushinda ule wa Thika kwa mbali. Kwa ufanisi wa joto, Thika unaishinda Olkaria zaidi ya mara tatu. Mwandishi wa habari aliyeandika kwamba mmoja "una uwezo zaidi" angekuwa amesema kweli na uongo kwa pamoja. Tena hata vipimo vyote viwili havitoshi, kwani joto la Olkaria halinunuliwi kwa lita ilhali mafuta ya Thika huagizwa kutoka ng'ambo. Mpangaji wa Kimbo anayenunua tokeni za umeme hulipia, pamoja na umeme wenyewe, tozo ya gharama ya mafuta yaliyochomwa kwenye mitambo ya aina ya Thika. Tozo hiyo hupanda mitambo hiyo inapofanya kazi zaidi. Ufanisi duni wa joto la bure humgharimu kidogo kuliko ufanisi mzuri wa joto la kununua. Hapa neno ufanisi likitumiwa ovyo, kwa maana yake pana ya mafanikio, msomaji ataelewa kinyume kabisa cha hali ilivyo.

Suala la istilahi

Wapo wanaouona mseto wa maana za nguvu kuwa ushahidi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi. Historia haiwaungi mkono. Carnot mwenyewe alizungumzia nguvu ya moto, lakini alichokuwa akikipima ndicho kinachoitwa leo kazi. Hermann von Helmholtz alipoandika mwaka 1847 kuhusu kuhifadhiwa kwa nishati, alitumia neno la Kijerumani lenye maana ya kani. Kifaransa na Kijerumani havikutangazwa kuwa vimeshindwa. Wasemaji wake walizitumia dhana hizo karakanani na darasani hadi kila moja ikapata neno lake.

Kiswahili tayari kina kani, nishati na kazi. Kinachobaki ni nidhamu ya kuliacha neno nguvu, katika maandishi ya kitaalamu, lisimamie dhana ya wati peke yake, na kulifunga neno ufanisi kwa kivumishi au kwa asilimia ili lisiteleze kuelekea kwenye maana ya fanaka. "Ufanisi wa joto wa asilimia 30" haina utata. "Injini yenye ufanisi mkubwa" ina utata mwingi, na mhariri makini angemrudishia mwandishi karatasi yake.

Kuna pia istilahi ambayo haikungoja kamati. Madereva na mafundi wa Afrika Mashariki husema gari linakula mafuta, na hulaumu lile linalokula sana. Wahandisi wana kipimo kinachosema jambo hilo hilo: gramu za mafuta zinazotumika kwa kila kilowati-saa ya kazi. Kipimo hicho chaweza kuitwa ulaji wa mafuta bila kumstaajabisha fundi yeyote wa Ruiru, na hugeuzwa kuwa ufanisi kwa hesabu fupi. Kilo moja ya dizeli ina megajouli 42.7 hivi, na kilowati-saa moja ni megajouli 3.6. Injini yenye ulaji wa gramu 200 kwa kilowati-saa huwa imepokea megajouli 8.54 ili kutoa 3.6, na ufanisi wake wa joto ni asilimia 42.